Kusomea Huduma za Familia na Jamii: Uzoefu Wangu wa Mwaka Mmoja

Nilijiunga na kozi ya cheti ya huduma za familia na jamii nikiamini kuwa huruma inatosha. Wiki ya tatu mkufunzi alitupanga wawili wawili: mmoja aigize mteja, mwenzake amsikilize dakika kumi bila kumpa ushauri wowote. Mimi sikufika hata dakika ya pili. Nilikuwa nimeshamwambia "mteja" wangu aachane na mumewe.

Nadharia ni chache, lakini zina kazi. Ile ya mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner ya mwaka 1979, kwamba mtoto hukua ndani ya tabaka za mazingira kuanzia nyumbani na shuleni hadi kazini kwa wazazi na sera za nchi, niliikariri tu kwa ajili ya mtihani. Niliielewa kwenye mafunzo kwa vitendo, tulipofuatilia mtoto aliyeitwa mtoro. Kumbe mama yake alibadilishiwa zamu, anatoka alfajiri, na mtoto ndiye anayebaki na mdogo wake. Kumchapa au kumhubiria kungesaidia nini?

Somo lililonibadilisha zaidi ni uandishi wa kumbukumbu za mteja, ambalo wengi tulilidharau. Niliandika, "Mteja alikuwa amelewa." Mkufunzi akaniuliza, "Umejuaje?" Nikaandika upya: alipepesuka akiingia, maneno yake hayakueleweka, aliuliza swali lilelile mara tatu. Ndipo akatueleza kwamba mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka anaweza kuonekana vivyo hivyo. Neno moja la haraka kwenye jalada linaweza kumnyima mtu matibabu, na litasomwa na kila atakayelifungua baada yako.

Usiri nao ulifundishwa vizuri. Mipaka yake unamweleza mteja mwanzoni, kabla hajafunguka: akitaja mtoto anayeumizwa, au nia ya kujiua au kumdhuru mwingine, huwezi kukaa nalo peke yako.

Sasa kasoro. Mafunzo kwa vitendo yalikuwa mafupi mno, na ofisi niliyopangiwa ilinipa kupanga majalada wiki mbili nzima. Msimamizi wangu nilikutana naye mara mbili tu. Kuhusu kujitunza mwenyewe, yaani kusikia mambo mazito mchana na bado kulala usiku, tulipata kipindi kimoja. Hilo liliniuma, kwa sababu baada ya kisa changu cha kwanza cha mtoto aliyepigwa sikulala siku tatu na sikujua nimwambie nani.

Cheti hiki hakikufanyi mnasihi wala mwanasaikolojia. Kinakufungulia kazi za kuanzia: msaidizi wa ofisa ustawi wa jamii, mlezi kwenye makao ya watoto, mhudumu wa wazee, mpokeaji wa simu za msaada. Mimi nimepata ya makao ya watoto, zamu ya jioni, na ningeisoma kozi hii tena, ila si chuo kilekile. Kabla ya kulipa ada ningeuliza saa za mafunzo kwa vitendo ni ngapi, nani atakaa nami kila wiki kupitia visa vyangu, na kama masomo haya yatatambuliwa nikitaka kuendelea na stashahada. Mimi sikuuliza hata moja.