Fort Jesus kwa Kiswahili: nilichokipata kwa nauli yangu

Mimi ni mama mfanyabiashara wa Lubumbashi. Kila mwaka navuka Kasumbalesa, nakata Zambia hadi Tunduma, nateremka Dar es Salaam kununua vitenge Kariakoo. Safari hii nilikwenda na mwanangu, anayesoma sekondari na anayeipenda historia kupita kiasi. Mizigo ilipokwisha kufungwa, nikampa wiki moja ya kutembelea ngome za pwani. Wengi wa kwetu wananiuliza kama fedha ile ilifaa.

Unguja tulianza vibaya. Tulilipia matembezi kwa wakala mmoja wa mjini Dar, na kijana aliyetuongoza Ngome Kongwe alizungumza Kiingereza na wageni wengine, sisi tukawa tunamfuata mgongo. Nilichoambulia ni kwamba Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Leo ndani kuna wauza picha na jukwaa la ngoma. Saa moja inatosha.

Mombasa tukaenda wenyewe kwa basi, kupitia Tanga na Horohoro. Nilipofika Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyo ukingoni mwa bahari, niliomba jambo moja tu: mtu wa kutueleza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Akaja mzee mmoja, nikamwita papa, kama tunavyowaheshimu wanaume wazima kwetu. Akatabasamu. "Mama, huku papa ni samaki. Lakini niite tu, heshima nimeipokea."

Hakuanza na miaka. Alimsimamisha mwanangu chini ya ukuta akamwambia atafute mahali ambapo mlinzi wa juu hamwoni. Mtoto alihangaika huku na huku, hakupata. Kila pembe ina buruji, yaani mnara wa ulinzi, lililochomoza nje, na aliye juu yake anaweza kumpiga risasi adui popote alipo chini ya ukuta wa jirani. Ndivyo alivyoichora Mwitalia Giovanni Battista Cairati, aliyewafanyia kazi Wareno, ujenzi ukaanza mwaka 1593. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene ajabu. Mambo hayo mwanangu alikuwa ameyasoma bila kuyaelewa. Pale aliyaelewa kwa miguu yake.

Kisha tukakaa kivulini, akatusimulia mazingiwa ya 1696. Waomani waliizunguka ngome mwezi Machi mwaka huo, wakaingia Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Mimi nilidhani ni vita vya Wareno na Waarabu basi. Mzee akasema hapana, ndani walikuwamo Waswahili pia, na njaa na maradhi viliwamaliza watu kuliko mizinga. Mwaka 1697 ulifika wakati Wareno walikuwa karibu wote wamekufa, na aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake, wanaume Waafrika wachache na wanawake Waafrika wapatao 50.

Nikamwuliza hao wanawake walikuwa akina nani, walikula nini, nani alizika watoto wao. Akanyamaza kidogo. "Jina lililoandikwa ni la Bwana Daud, mama." Nilisimama tena juu ya ukuta nikautazama mkondo wa bahari ambamo meli za msaada zilikuwa zikitazamiwa. Kwa saa ile peke yake ningelipa mara mbili.

Baadaye alitueleza kwamba Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Akaongeza kwamba neno lenyewe gereza lilitoka kwa Wareno, katika igreja, yaani kanisa, na kwamba ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza mpaka leo. Mwanangu akamwambia kwetu tunasema buloko. Mzee akalirudia neno hilo mara mbili, alitaka kulishika vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu: Fort Jesus ipe nusu siku, ingia asubuhi kabla mawe hayajapata moto, vaa viatu visivyoteleza, na usikubali kuongozwa kwa lugha unayoisikia nusu. Kabla ya kulipa kiingilio uliza bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana Kongo iliingia 2022. Pasipoti iwe mkononi. Mzee yule nampa tano kwa tano. Wakala wa Dar nampa moja.

Tulipoagana alituuliza tumetoka wapi hasa. Nikasema Katanga. Akasema pembe za ndovu na shaba za Msiri, mfalme wa Katanga wa zamani, zilifika pwani hii, na bunduki zikapanda kwenda kwake. Njia nzima ya kurudi mwanangu alinisumbua kuhusu Bunkeya, makao makuu ya Msiri, pale alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Mimi nimezaliwa Katanga na sijawahi kufika. Kama kuna anayemjua mzee wa huko anayeweza kututembeza na kutusimulia bila haraka, aniandikie. Likizo ya Pasaka tuko tayari.