Viwanja vya kulipa kidogokidogo upande wa Nsalaga: bikoni zipo, barabara ipo kwenye karatasi

Habarini wadau wa Mbeya na nyie mlioko mikoani mnaotaka kununua ardhi huku nyumbani. Kuna kampuni inauza viwanja upande wa Nsalaga, jirani na Uyole, jina siliweki, ila kama unapitapita Kabwe na Mwanjelwa kipeperushi chao lazima umeshakabidhiwa. Nimenunua kwao, nimemaliza kulipa, hati inashughulikiwa, kwa hiyo naongea kama mteja na sio dalali. Nawapa nyota tatu kwenye tano. Mbili walizokosa zote ni za barabara na maji, maana kwenye makaratasi hawa jamaa wako vizuri kuliko wengi.

Mazuri kwanza. Bei ni elfu 12 kwa skwea mita, changu ni mita 20 kwa 25, yaani skwea mita 500, jumla milioni 6. Unatanguliza asilimia 30 ambayo ni milioni 1.8, halafu ile 4.2 unaimaliza ndani ya mwaka kwa laki 3 na nusu kila mwezi bila riba. Unalipa benki, mkononi hawapokei hata ukibembeleza, ukipeleka slipu unapewa risiti ya mashine. Nilichukua nakala ya ramani ya upimaji nikaenda nayo ofisi ya ardhi mwenyewe bila kusindikizwa na mtu wao, nikaambiwa ramani imesajiliwa na kiwanja hakijamilikishwa mtu. Hapo roho ikatulia. Saiti nako mpima alikuja na mashine yake, bikoni zote nne, yaani zile alama za mpaka, zipo, za zege, chuma katikati na namba inasomeka. Nalisema hili kwa sababu huku kwetu kuna watu mpaka leo wameuziwa kwa hatua za miguu mbele ya mjumbe, mwaka unaofuata mwenye shamba la jirani anakuja na hatua zake ambazo ni fupi zaidi.

Dada wa mapokezi anapokea simu, hata Jumapili. Anajibu kwa adabu hata ukimuuliza swali lilelile. Huyo angekuwa na nyota zake peke yake ningempa zote.

Sasa tuje kwenye "dakika 20 mpaka mjini". Hiyo imeandikwa kwenye kipeperushi na kijana wa mauzo anairudia kwenye kosta yao ya kupeleka wateja mpaka saiti. Dakika 20 za saa ngapi kaka? Labda saa kumi alfajiri Jumapili ukiwa na pikipiki. Anayeishi Mbeya anajua mji huu umening'inia kwenye barabara moja, hiyohiyo TANZAM inayotoka Dar kwenda Tunduma ndiyo inayopeleka mtoto shule Sae, mama sokoni Mwanjelwa, mgonjwa hospitali, na ndiyo hiyo wanayopita malori ya shaba na mafuta ya Zambia na Kongo, na pale Uyole yanaongezeka ya Malawi yanayokunja kwenda Tukuyu na Kasumulu. Lori moja likilala pale mjini inakuwa imeisha, unashuka kwenye daladala unatembea. Ndio, njia nne inajengwa, Nsalaga mpaka Ifisi kilomita 29, na mimi ni wa kwanza kuifurahia, ila njia nne ikishafika hapo Nsalaga bado kuna kipande cha kutoka lami mpaka kwenye bikoni zako, na hicho kipande ndicho hakuna anayekisemea.

Kwenye ramani yao barabara za ndani ni za kupendeza, mita 10, mita 12, kuna mpaka eneo la shule na la soko. Saiti hiyo mita 12 ni mahindi ya mtu na njia ya ng'ombe. Nikamuuliza kijana hii barabara inachongwa lini, akasema "hivi karibuni". Nani anachonga? "Halmashauri wataleta greda." Nikamwambia mdogo wangu, greda la halmashauri linaletwa na kikao na bajeti, haliletwi na kipeperushi. Akacheka, kosta nzima ikacheka, ila jibu sikupewa.

Naomba niwaambie kwa nini nang'ang'ania hili jambo kuliko hata bei. Mi nimesoma Bangalore, India, na nilipanga kule upande wa Whitefield, nje ya mji enzi hizo, ila ndiko makampuni ya kompyuta yalikojazana. Kule biashara ya viwanja na apatimenti ni kama dini. Kiwanja chao cha kawaida wanakiita thati foti, futi 30 kwa 40, ambayo ni kama skwea mita 111, yaani kwenye hiki changu cha Nsalaga wangekaa familia nne na chenji ikabaki, na wangejenga ghorofa tatu kila mmoja. Mji ulipanda kutoka watu milioni 5.7 sensa ya 2001 mpaka milioni 8.5 ile ya 2011. Vipeperushi vyao navyo vina maneno yaleyale, dakika kadhaa mpaka Outer Ring Road, ile barabara ya kuzunguka mji, dakika kadhaa mpaka Electronic City kwenye makampuni mengine ya kompyuta, metro, yaani treni ya mjini, inakuja. Na metro kweli ikaja! Kipande cha kwanza kilifunguliwa 2011, ila Whitefield ilifika 2023. Aliyenunua kwa sababu ya metro akiwa kijana alikuja kuipanda ana mvi. Hapo katikati anakaa kwenye foleni ya Silk Board, makutano ambayo Wahindi wenyewe wameyatungia vichekesho mpaka wamechoka, na mtu anaishi kilomita 12 tu kutoka kazini ila anatoka nyumbani giza na kurudi giza.

Na maji ndio kabisa. Mwaka 2007 jiji lile lilimeza vijiji 110 vya pembezoni, watu wakajenga wakijua si sasa tupo jijini, maji ya mto Kaveri yatakuja, ambayo yanapampiwa kutoka umbali wa kama kilomita 100. Mradi wa kuvipelekea hivyo vijiji maji ulizinduliwa Oktoba 2024. Piga hesabu mwenyewe, 2007 mpaka 2024. Muda wote huo ni visima na matenka ya maji, na mwanzoni mwa 2024 visima vikakauka, matenka yakapanda bei, watu wenye nyumba za mamilioni ya rupia wanaoga kwa kopo. Halafu 2022 mwezi wa tisa mvua ikanyesha, ile Outer Ring Road yenyewe ikajaa maji kwa sababu mifereji ya zamani iliyokuwa inaunganisha maziwa ya mji ilishajengewa, wafanyakazi wa makampuni makubwa wakavushwa na matrekta kwenda kazini. Trekta! Mtu ana laptopu mgongoni yuko juu ya trekta.

Sasa msiniambie Mbeya sio Bangalore, najua. Sensa ya 2012 tulikuwa laki 3 na elfu 85, ya 2022 tukawa laki 5 na elfu 41, bado wadogo sana. Ila hebu simama Mafiati jioni halafu uniambie huo udogo uko wapi. Bajaji zenyewe zinazotubana zinatoka hukohuko India. Na tofauti moja ni kwamba wenzetu walishtuka, 2016 wakatunga sheria ya wajenzi na wauza viwanja, inaitwa RERA, mradi lazima usajiliwe kabla ya kutangazwa na asilimia 70 ya hela za wateja inakaa akaunti ya peke yake itumike kwa mradi huohuo tu. Haijamaliza wizi ila angalau mnunuzi ana pa kushika. Huku pa kushika ni mkataba wako, kwa hiyo usome.

Mkataba wa hawa jamaa una kurasa kama nne hivi, na habari za mnunuzi kuchelewa kulipa zimejaa ukurasa mzima, ukichelewa miezi mitatu wanakata asilimia fulani na kiwanja kinauzwa. Habari za wao kuchelewa ni sentensi moja. Barabara haimo, maji hayamo, umeme haumo. Vyote vitatu vipo kwenye kipeperushi kwa herufi kubwa na picha ya nyumba yenye mapaa ya rangi ambayo nadhani iko Afrika Kusini. Nikagoma kusaini, nikawaambia muweke kipengele kwamba barabara ya kuingilia mtaichonga kabla sijamaliza malipo, wakavutana wee na mwanasheria wao, mwisho wakakubali kuandika kwa peni pembeni, tukasaini wote na muhuri ukapigwa juu yake. Wakachonga. Sio lami, ni greda limepita na mifereji pembeni, ila gari inafika. Waliosaini bila kuuliza, wa mstari wa nyuma kule karibu na bonde, mpaka leo wanashusha tofali barabarani na kuzisomba kwa toroli.

Na hapo kwenye bonde nisimame kidogo. Kuna viwanja vinauzwa elfu 8 wakati vingine ni 12, watu wanakimbilia. Viko chini ambako mvua ikikolea kunapita maji, wakati wa kiangazi huoni kitu, pakavu, wamepanda maharage. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mto hautoi notisi. Ukitaka kukagua kiwanja Mbeya nenda mwezi wa pili au wa tatu, vaa gandabuti, udongo wetu mnaujua ukilowa. Kosta ya kampuni huwa inatembeza watu sana mwezi wa saba na wa nane, jua kali, baridi tamu, kila kitu kinaonekana kizuri. Mwezi wa tatu niliwapigia wanipeleke, wakasema gari liko gereji. Nikachukua boda.

Maji wao wanasema "ya Kiwira yanakuja". Mradi wa mto Kiwira upo kweli na ni mkubwa, sina neno nao, ila bomba kubwa kufika jijini na bomba dogo kufika kwako ni vitu viwili. Majirani wachache waliojenga wamechimba kisima kwa kuchangishana, na wengine wanavuna ya mvua kwenye simtanki, ambayo kwa Mbeya sio wazo baya, mvua tunayo karibu nusu mwaka. Weka hiyo kwenye bajeti yako ya ujenzi toka mwanzo, gata na tanki la lita 5,000.

Umeme nguzo ziko barabara ya juu. Hapo sina malalamiko makubwa.

Kwa nani kinafaa? Kama unafanya kazi upande wa Uyole, pale utafiti wa kilimo, au una biashara Igawilo, chukua, kwa sababu huingii kwenye foleni ya mji. Kama kazi yako ni Iyunga pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, au unashinda uwanja wa ndege Songwe, wewe tafuta Iwambi au Mbalizi hata kama ni ghali kidogo, usije ukavuka mji mzima asubuhi na jioni miaka 20 kwa kuokoa milioni moja. Kama unanunua ukae nayo upandishe bei, sawa, ila bei inapandishwa na barabara, na kiwanja cha mstari wa mbele nimeshaona kimeuzwa tena kwa elfu 17 wakati cha bondeni mwenyewe anatafuta mteja kila wiki kwenye magrupu ya WhatsApp.

Wakikupigia waambie ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, halafu omba vitu vitatu kabla ya kosta: nakala ya ramani ya upimaji, rasimu ya mkataba ukasome nyumbani, na namba ya mtu aliyenunua mwaka juzi sio mwezi jana. Mimi walinipa vyote, kwa hili nawasifu. Kosta inaondoka Kabwe Jumamosi saa tatu asubuhi, ila hiyo saa tatu ni ya kwao, ukifika saa nne kasoro utawakuta bado wanasubiri abiria na soda haijagawiwa.