Risasi laini za 9mm kwa mashindano ya bastola: ipi ununue, ipi uiache dukani

Boksi la risasi za 9mm lina namba mbili za kusoma kabla hujatoa hela: uzito wa kichwa (kipande kinachoruka kutoka mtutuni) na mwendo wake. Wanunuzi wengi husoma ya kwanza tu. Ndiyo maana mtu analipa bei ya risasi laini, yaani za mashindano zenye teke dogo, anafika uwanjani, na bastola inampiga teke vilevile.

Zidisha namba hizo mbili, gawa kwa 1,000, utapata kile ambacho wapiga shabaha hukiita pawa fakta. Uzito unahesabiwa kwa greni (gramu moja ni greni 15.43) na mwendo kwa futi kwa sekunde. Katika mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la upigaji bastola wa vitendo), na ya USPSA, tawi lake kule Marekani, mshindani wa daraja la maina (la nguvu ndogo) lazima afikishe 125. Kwenye mashindano makubwa waamuzi huchukua risasi kutoka kwako, wakang'oa kichwa cha mojawapo na kukipima kwenye mizani, kisha nyingine wakazipiga mbele ya kipima mwendo. Ukipungua 125 unaweza kuendelea kupiga ukipenda, ila hutaandikiwa hata pointi moja. IPSC ilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na kaulimbiu yake inataja usahihi, nguvu na kasi kwa pamoja. Hawakutaka mchezo wa mtu anayeshinda kwa bastola isiyo na nguvu.

Kwa hiyo ulaini una sakafu. Anayetaka risasi laini anatafuta ile inayoipita sakafu kidogo tu, 128 hadi 132. Chini ya hapo, baridi ya asubuhi au mtutu mfupi kuliko ule uliotumika kiwandani vinaweza kukuangusha. Juu ya hapo unanunua teke usilolihitaji. Sasa piga hesabu: boksi la kawaida la greni 115 kwa futi 1,180 ni 135.7. Boksi la greni 147 kwa futi 1,000 ni 147 kamili. Yaani ile "nzito" unayoambiwa dukani kwamba ni laini inasukuma kuliko ile nyepesi! Greni 147 iliyo laini kweli hutembea kwa futi 880 au 890 hivi. Kama mwendo haukuandikwa kwenye boksi, uliza. Muuzaji akianza kubabaika, rudisha boksi.

Kwa nini basi kichwa kizito kinasifiwa? Kwa sababu teke halitoki kwenye kichwa peke yake. Baruti ikiungua hugeuka gesi, na gesi hiyo hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kuliko kichwa chenyewe, ikisukuma bastola nyuma. Pawa fakta haiihesabu gesi. Mkono wako unaihesabu. Ili greni 115 zifike 130 lazima zikimbie futi 1,130, na zinahitaji baruti zaidi. Greni 147 zinafika hapo kwa futi 884, kwa baruti kidogo. Namba kwenye karatasi ni ileile, ila moja inakupiga kofi na nyingine inakusukuma.

Namba moja: greni 147 kutoka karakana yenye leseni

Hapa nazungumzia risasi zilizojazwa kwa ajili ya mashindano na karakana ndogo, si kiwanda kikubwa. Marekani zipo nyingi. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza risasi zake mwenyewe bila leseni, lakini akitaka kuzifanya biashara lazima awe na leseni ya kutengeneza risasi. Mstari huo ndio wa kwanza kuuangalia.

Unachokitaka ni kichwa cha greni 147 chenye ncha bapa, baruti inayoungua haraka, na pawa fakta iliyotajwa waziwazi pamoja na urefu wa mtutu uliopimiwa. Karakana nzuri itakuambia bila kuombwa: "Hii ni 130 kwenye mtutu wa inchi 5." Glock 17 ina mtutu wa inchi 4.49, na Glock 34 inchi 5.31, risasi ileile haitatoka kwa mwendo mmoja kwenye hizo mbili. Mwenye bastola fupi asinunue risasi iliyokaa kwenye 127.

Baruti nayo ina ladha yake. N320 ya Vihtavuori, kampuni ya Ufini, inapendwa kwa sababu ni safi na teke lake ni la polepole, ila ni ghali. Titegroup ya Hodgdon ni ya bei nafuu na inakwenda mbali kwa kiasi kidogo, lakini inaungua kwa joto kali, na kwa vichwa vilivyopakwa polima utaona moshi. Sport Pistol ya Alliant ilitengenezwa ikivifikiria vichwa hivyo vya kupakwa. Kama karakana inakupa uchaguzi, mimi ningelipia N320 kwa siku ya mashindano na kuchukua yoyote kati ya hizo nyingine kwa mazoezi.

Kuhusu kichwa chenyewe: kilichopakwa polima juu ya madini ya risasi ndicho rafiki wa mfuko, na huteleza vizuri kwenye mtutu, hivyo hufika mwendo kwa baruti kidogo zaidi. Chenye koti la shaba ni ghali, hakina moshi, na huvumilia mengi. Kilichochovywa shaba kipo katikati na sina sababu kubwa ya kukipendekeza wala kukikataza. Baadhi ya viwanja vya ndani hukataa vichwa vya madini ya risasi hata vikiwa vimepakwa, kwa hiyo uliza kwanza uwanjani kwako kabla ya kuagiza risasi elfu mbili.

Namba mbili: risasi za kiwandani zilizotengenezwa kwa mashindano

Mfano unaojulikana zaidi ni Federal Syntech Action Pistol ya greni 150, yenye kichwa kilichofunikwa polima. Ni laini, boksi la leo linafanana na la mwezi ujao, na hakuna mwenye uwanja atakayekugomea kwa kisingizio cha risasi za kujazwa. Inashika nafasi ya pili kwa ajili ya bei tu. Kwa mtu anayeshiriki mashindano machache kwa mwaka, asiyetaka kujua lolote kuhusu baruti, ningeipandisha iwe ya kwanza.

Jambo jingine linaloipa uzito: watengenezaji wengi wa bastola, Glock wakiwemo, husema kwenye vitabu vyao vya maelezo kwamba risasi za kujazwa upya zisitumike. Bastola ikiharibika ukiwa umeweka risasi za karakana, usitegemee waranti.

Namba tatu: greni 124 au 125 zilizopunguzwa

Zinahitaji futi 1,050 hivi kufika 130. Teke lake ni kali kidogo kuliko la 147, lakini slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila mlio) inarudi upesi, na kuna wapiga shabaha wazuri sana wanaozipendelea kwa sababu nukta ya optiki (kioo cha kulengea) inarudi kwenye shabaha bila kuzembea. Hapa hakuna wa kumhukumu mwenzake. Laini kuliko zote si lazima iwe ya kasi kuliko zote mkononi mwako. Nunua boksi moja la 147 na moja la 124 zenye pawa fakta sawa, piga risasi mbili mbili kwa kipima muda, halafu amini saa, usiamini mkono. Mkono unapenda ulaini hata pale unapokuchelewesha.

Chunga maandishi ya NATO: greni 124 za aina hiyo zina nguvu kubwa, na kwa shabaha za maina ni uzito wa bure.

Namba nne: greni 115 za bei rahisi

Kwa kujifunza kuchomoa, kubadilisha magazini na kutembea na bastola, zinatosha. Usifanyie mazoezi ya 115 mwaka mzima kisha ukaingia mashindanoni na 147 uliyoinunua juzi. Nukta itakuwa mahali pengine na muda wa kidole chako utakuwa umezoea kitu kingine.

Usinunue kabisa: mfuko wa plastiki wa rafiki

Kila klabu ina mzee mmoja mkarimu anayejaza risasi gereji kwake na kuzigawa kwa bei ya soda. Mshukuru, umwachie. Kwanza, akiuza kibiashara bila leseni anavunja sheria. Pili, na hili ndilo lenye damu, risasi laini ziko karibu na kosa baya zaidi la ujazaji.

Kosa hilo lina sura mbili. Baruti ya haraka hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, kwa hiyo ganda lililojazwa mara mbili kwa bahati mbaya linaweza kufungwa bila mtu kuona tofauti, na hilo linaweza kuipasua bastola. Upande wa pili ni ganda lisilo na baruti, au lenye kidogo mno. Fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kiingie mtutuni na kukwama humo. Utasikia "pop" dhaifu badala ya mlio, na mkono hautahisi teke. Hapo acha kila kitu, hata kama saa inakimbia na watu wanakutazama. Risasi inayofuata itakutana na mtutu ulioziba. Vichwa vyenye koti la shaba hukwama kwa urahisi zaidi vikisukumwa kwa nguvu ndogo, ndiyo maana anayesaka ulaini kupita kiasi kwa vichwa hivyo anacheza na hatari. Ukiwa unajaza mwenyewe, chukua vipimo kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, si kwa jirani.

Kabla ya kulipia shehena

Nunua boksi moja kwanza. Fungua bastola iliyo tupu, toa mtutu, dondosha risasi kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Inatakiwa ishuke yenyewe na igote kwa mlio wa "tk", izunguke ukiisukuma kwa kidole, na ianguke mkononi mwako ukiupindua mtutu. Ikigoma kuzunguka, kichwa kimegusa mistari ya ndani ya mtutu. Ikibana bila kushuka, ganda halikurudishwa umbo vizuri. Bastola za CZ zinajulikana kwa chemba fupi, na risasi inayopita kwenye Glock inaweza kukataa kwenye Shadow 2 ya CZ. Vichwa vya greni 160, ambavyo navyo vipo sokoni, vinasumbua zaidi hapa kwa sababu ya urefu wao.

Halafu angalia springi. Bastola nyingi za kawaida hutoka na springi ya slaidi iliyopangwa kwa risasi zenye nguvu kamili. Ukiweka risasi ya 128, slaidi inaweza isifike nyuma, ganda likabaki limesimama mlangoni. Si kosa la risasi. Springi nyepesi kidogo humaliza tatizo, na pia hupunguza namna mdomo wa bastola unavyochomeka chini slaidi inapofunga. Shadow 2, yenye uzito wa kilo 1.3, hula teke lenyewe. Mwenye Glock ya plastiki ndiye atakayeiona tofauti ya risasi kwa haraka.

Wenye .45 hawana shida kubwa. Risasi ya kiwandani ya greni 230 kwa futi 850 ni 195.5, na daraja la meja (la nguvu kubwa) la USPSA linaomba 165 tu, kwa hiyo karakana yoyote ina nafasi tele ya kukulainishia. Kwa .40, omba vichwa vya greni 200. Wa rivolva ya .38 anayepiga shabaha za duara kwa utulivu atafute kichwa bapa cha greni 148, aina ya wodikata. Imekuwa laini tangu enzi za babu zetu.

Kwa wasomaji wa Kenya, wanaopiga shabaha uwanja wa Kirigiti au kwingineko, mambo ni tofauti. Cheti cha silaha kinataja ni risasi ngapi unaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Kwenu orodha hii inaanzia namba mbili: risasi ya kiwandani, hesabu ya pawa fakta, springi inayofaa. Na ndugu mlioko Marekani kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza bastola na hata risasi zenyewe, isipokuwa kwa vighairi vichache. Mwenye grini kadi hana kikwazo hicho. Ulizeni mwanasheria kabla ya kuuliza bei.

Ukisafiri kwa ndege kwenda mashindanoni, mashirika mengi huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, kwenye mzigo wa kukabidhi. Risasi moja nzima ya greni 147 ina gramu 14 hivi, kwa hiyo utabeba takriban 350. Ya greni 115 ina kama gramu 12, na zitaingia zaidi ya 400. Kama mashindano yana duru nyingi na hujui utarudia ngapi, agiza zikusubiri huko uendako, za namba ileile ya uzalishaji uliyojaribu nyumbani, na uzipime mwendo tena ukifika.