Mchaichai mkavu wa soko la Lamu: uzoefu wangu

Kama wewe ni mpenzi wa chai ya rangi, mchaichai unaouzwa kwa mafungu soko la Lamu, pale karibu na Ngome, usiupite. Fungu ni shilingi 50 na ladha yake sijaipata kwingine.

Siri iko kwenye kuanika. Harufu ya mchaichai inatokana na mafuta yake, hasa sitrali, ambayo imo pia kwenye maganda ya limau, na jua kali huyapeperusha upesi. Bibi ninayenunua kwake huanika kivulini, majani yakabaki na ukijani wake. Ukilivunja moja tu, mkono mzima unanukia. Paketi za mchaichai wa unga nilizokuwa nikinunua dukani zilikuwa za kahawia, na harufu unaitafuta huioni.

Maji yakichemka natia mchaichai na tangawizi iliyopondwa, napunguza moto. Bibi alinisisitizia: "Mwanangu, funika birika. Harufu ikitoka na mvuke, utakunywa maji." Majani ya chai natia mwisho, machache sana. Asubuhi kwa mahamri na mbaazi, hapo ndipo utajua thamani ya ile shilingi 50.

Tumbo likijaa gesi baada ya wali wa nazi, nakunywa kikombe bila sukari na napata nafuu. Mafua yakinishika najifukiza. Ila kwa homa tusidanganyane: pwani yetu ina malaria, na mchaichai hautibu malaria. Mtoto akichemka mwili, apelekwe kupimwa kwanza, chai baadaye. Mjamzito naye asiunywe kwa wingi kabla ya kumuuliza mkunga.

Ule mbichi nautia hata kwenye mchuzi. Thailand hupikia supu ya kamba, nami nikaliponda shina jeupe la chini nikalitia kwenye samaki wa tui. Mchuzi ulichangamka, na ile shombo ikapungua. Litoe kabla ya kupakua, maana lina nyuzi ngumu.

Kasoro ninayoiona ni vumbi, kwa hiyo suuza kabla ya kupika. Weka kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na jua. Na mwenye kiuwanja aombe shina lenye mizizi, kwa kuwa mchaichai hupandwa kwa kugawa kichaka. Mimi nilipewa bure na limeshika vizuri.