Festival ikigoma kujengeka: urekebishe msimbo au uchukue kifurushi?

Festival, programu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh inayogeuza maandishi kuwa sauti, inaweza kukaa kama seva kwenye mlango (port) 1314 na kusomea kompyuta nyingine za mtandao. Tatizo ni kuijenga, yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa.

Kwa muda, kifurushi kilichojengwa tayari cha Debian (mfumo wa Linux) kinashinda bila ubishi: amri moja, imeingia. Kurekebisha msimbo kunaweza kukumalizia siku nzima. Kwanza ujenge Edinburgh Speech Tools, maktaba ya zana za sauti, maana Festival inaitegemea. Ukiruka hatua hiyo, makosa yatakayofuata hayatakusaidia kitu. Halafu kuna umri wa msimbo. GCC 6 ya mwaka 2016, programu inayokusanya msimbo, ilihamia toleo la C++14 la lugha ya C++ kama kawaida yake, na msimbo wa zamani unaweza kukataliwa. Jaribu chaguo la -std=gnu++98, linaloiambia GCC itumie kanuni za zamani za C++, kabla hujagusa faili lolote. Ikilalamikia ncurses, maktaba ya kuonyesha maandishi kwenye terminali, sakinisha faili zake za uundaji. Na soma kosa la kwanza, si la mwisho. Hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kwa matunzo, kifurushi hupata masahihisho ya usalama pamoja na mfumo. Ulichojenga mwenyewe ni mzigo wako, lakini unaweza kukibadilisha utakavyo.

Usalama wa seva hautofautiani: kagua server_access_list, orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kuunganishwa, kwa njia zote mbili.

Unayetaka sauti tu leo, chukua kifurushi. Unayeunda sauti ya lugha mpya au kubadili injini yenyewe, utahitaji msimbo.