Linux kwa gemu kwenye mashine za mtumba: nnavyoiona mimi hapa Unguja

Nianze na jibu kabisa ili anayetaka la haraka asichoke kusoma. Kama gemu zako ni za kucheza peke yako, au na mtu mliekaa nae chumba kimoja, Linux, yaani ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, saa hizi inatosha tena inatosha vizuri, weka usiogope. Kama wewe ni mtu wa FC (ule mpira wa EA), Fortnite, Valorant na Call of Duty tu basi wacha mashine yako ilivyo. Hapo katikati ndo kuna maneno mengi, maana watu wengi mjini hapa wakisikia Linux bado wanafikiria ile ya miaka hiyo ambayo gemu yake ilikuwa karata na yule ndege wa barafu anaeteleza, na mambo yamebadilika sana wala si kidogo.

Nnachokizungumzia ni Linux Mint 22, aina moja ya Linux, pamoja na Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, kwenye mashine mbili zote za mtumba. Moja ni Dell OptiPlex 7040 ya mezani, kadi ya grafiki nimeipachika AMD RX 560 ya 4GB, na nyengine ni laptopu HP EliteBook 840 G3 isiyo na kadi yoyote, inategemea grafiki ya Intel ile ile iliyozaliwa nayo. Nimezichagua hizi kuziandikia kwa sababu ndo mashine tunazozimudu, ukipita Darajani au Mlandege maduka yamejaa hizi hizi, zimetoka maofisini Ulaya zimeletwa na makontena.

Na kwa nini suala hili lije sasa hivi? Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya gen 8 (yaani prosesa ya kizazi cha nane) kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Sasa tazama kilichopo madukani: gen 4, gen 5, gen 6, gen 7. Hizo gen 6 na gen 7 ni mashine nzima kabisa, hazina ubaya wowote, na Windows 11 inazikataa mlangoni. Linux inazipokea, na sio kuzipokea tu kwa kuandikia barua, kwa gemu pia zinafaa, nitaeleza kwa nini gen 6 ndo mpaka.

Kinachofanya kazi yote hii ni Proton. Valve, wenye Steam, waliitoa mwaka 2018, na ndani yake kuna Wine, ya kufungulia programu za Windows kwenye Linux, ambayo yenyewe ni mradi wa tangu 1993. Gemu inazungumza Kiwindows, Proton ni mkalimani, anachukua maneno anayapeleka kwa Linux na kurudisha majibu hapo hapo. Kwa upande wa picha kuna DXVK inayogeuza Direct3D (njia ya Windows ya kuchorea picha) za zamani mpaka 11 kuwa Vulkan, njia ambayo Linux inaielewa, na VKD3D-Proton inayogeuza Direct3D 12. Hiyo DXVK aliianza mtu mmoja anaitwa Philip Rebohle kwa sababu alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux na ilikuwa haichezeki, mtu mmoja tu na hamu yake, leo dunia nzima tunakula matunda, Mungu amlipe kheri. Halafu 2022 Valve wakatoa Steam Deck, ile ya mkononi, inayotumia Linux ndani, na kuanzia hapo ikawa Proton si jambo la hisani tena, ni biashara yao wenyewe, kwa hivo inatengenezwa kila siku. Steam Deck haiuzwi rasmi huku kwetu lakini kazi iliyofanywa kwa ajili yake inatufikia sote bure, na hili ndo linanifurahisha zaidi kuliko lote.

Sasa kwa macho. Unafungua Steam, unachagua gemu, unabonyeza kuinstoo, inashuka, unacheza. Hamna kuandika amri, hamna teminali. Mara ya kwanza ukibonyeza pleya inakuja dirisha dogo lina mstari unaojaa taratibu na asilimia pembeni, inatayarisha sheda, yaani zile programu ndogo ndogo za kuchorea picha kwenye kadi. Kwenye OptiPlex na GTA V hapo unangoja kidogo, kwenye laptopu unangoja zaidi na feni inapiga kelele. Ukiwa na haraka kuna kitufe cha kuruka, lakini ukiruka utakuja kuona gemu inakwama kwama unapoingia pahala papya, afadhali uiwache imalize. Baada ya hapo mara ya pili haichukui muda ule tena.

GTA V ile ya stori inakwenda vizuri sana kwenye OptiPlex, setingi za kati, laini. The Witcher 3 inataka setingi za chini, lakini hiyo ni kadi yenyewe ndogo, na Windows ungezishusha vile vile. Kwenye laptopu Stardew Valley na Euro Truck Simulator 2 hazihitaji hata mkalimani, zina toleo lao la Linux, na Hades inacheza bila taabu ukishusha resolusheni. Na PES 2017, najua wengi mnaisubiri hiyo, inafunguka. Unaiongeza kwenye Steam kama gemu isiyo ya Steam, unailazimisha itumie Proton, basi. Jioni vijana wanakaa wawili wawili na pedi na hakuna hata mmoja anaeuliza mashine inatumia nini.

Pedi nazo ni starehe. Pedi ya PS4 unachomeka waya inakubali, ya Xbox ya waya inakubali, draiva zimo tayari ndani ya keneli, yaani moyo wenyewe wa Linux.

Haya, tuje kwenye linalouma. Gemu nyingi za onlaini zina programu ya kuzuia wezi wa mchezo, antichiti, na baadhi ya hizo zinakaa ndani kabisa ya keneli ya Windows. Hapo Proton haina la kufanya. Valorant haifunguki, na League of Legends imefungwa Linux tangu walipoipa antichiti ile ile mwaka 2024. EA Sports FC haichezi, na hili kwa Zanzibar ni pigo kubwa maana hapa gemu ni mpira, mengine yanafuata. GTA Online imekufa kwetu tangu Septemba 2024 walipoweka BattlEye, antichiti nyengine. Apex Legends ilikuwa inacheza vizuri kwa muda mrefu, halafu tarehe 31 Oktoba 2024 wakaifunga kwa watu wa Linux wakisema wezi wamezidi kupitia huko.

Lakini nataka watu waelewe kitu kimoja hapa, kwa sababu nnasikia watu wanasema Linux haiwezi. Sio kwamba haiwezi. BattlEye na Easy Anti-Cheat zote mbili zimekubali Proton tangu 2021, kinachobakia ni mwenye gemu kusema ndio. Elden Ring ina Easy Anti-Cheat na inacheza onlaini bila wasiwasi. Easy Anti-Cheat yenyewe ni mali ya Epic, na Epic hao hao Fortnite yao hawataki kuifungulia Linux. Kwa hivo mlango umefungwa na mtu mwenye ufunguo, na mimi nnaona wanakosea, kwa sababu mtu aliyenunua gemu kwa pesa yake kisha akafungiwa baadae hajatendewa haki, hata kama wezi wapo na hata kama ni kweli wanasumbua. Kabla hujanunua chochote cha onlaini ingia tovuti ya Are We Anti-Cheat Yet utazame gemu yako iko upande gani, na kwa gemu za kawaida ingia tovuti ya ProtonDB, wachezaji wenyewe wanaandika imewachezea vipi na kwenye mashine gani, kuanzia platinamu mpaka ile iliyovunjika kabisa. Soma maelezo ya watu wenye kadi kama yako, hiyo medali peke yake haitoshi.

Counter-Strike 2 na Dota 2 ziko wazi, ni za Valve wenyewe na zina toleo la Linux, tena za bure. Sava za karibu yetu ni Dubai na Johannesburg, kwa hivo ping, ule muda wa kwenda na kurudi kwenye sava, haitokuwa ya kujivunia, ila Windows nayo itakupa ile ile.

Sasa ule mpaka wa gen 6. Mdogo wangu ana EliteBook 840 G1, kwa nje ukiziweka pamoja na G3 mtu asiyejua anaona ni ndugu. Ndani G1 ni gen 4, na grafiki ya Intel ya gen 4 Vulkan yake haijakamilika, ukifungua Steam kwenye teminali inakutolea onyo kabisa kusema hivyo. DXVK ya sasa inataka Vulkan 1.3, gen 4 hainayo, kwa hivo gemu inafunguka dirisha jeusi kisha inajifunga. Ipo njia ya kupita, unaandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye sehemu ya amri za kufungulia gemu, hapo inatumia OpenGL, njia ya zamani ya kuchorea picha, badala ya Vulkan, na gemu nyepesi nyepesi zitakwenda, ila usitegemee makubwa. Gen 6 ina Vulkan 1.3 kamili. Kwa hivo ile laptopu ambayo Windows 11 imeitupa ndo hiyo hiyo Linux inaifurahia, na ile ya gen 4 hata iwe rahisi vipi kama nia yako ni gemu iache pale pale dukani.

Na kitu chengine kwa wenye grafiki ya Intel isiyo na kadi: hakikisha RAM iko vipande viwili. Hiyo grafiki inakula RAM ile ile ya mashine, na ikiwa kipande kimoja inapita njia moja tu. Duka nililochukulia laptopu walikuwa wameweka 8GB kipande kimoja, nikaongeza cha pili, na PES iliyokuwa inavuta miguu kwenye kona ikanyooka. Fungua mfuniko utazame, usisikilize maneno.

Bando. Hapa niseme ukweli, Linux kwa gemu inakula bando kuliko unavyotegemea. Proton yenyewe inashuka na vifurushi vyake, kila toleo kubwa jipya linashuka tena, halafu Steam inapenda kudaunlodi sheda zilizokwisha tayarishwa, na hizo zinaapdetiwa mara kwa mara hata gemu hujaigusa. Ingia setingi za Steam, sehemu ya daunlodi, uzime hicho cha sheda, na uweke apdeti zifanyike usiku kama una bando la usiku. Ukiizima sheda gemu itakwama kidogo mwanzo mwanzo lakini bando litasalimika, na mimi kwa bei tunazolipa nnachagua bando.

Ila ipo neema ambayo naona watu hawaitumii. Tangu 2023 Steam inaweza kuvuta gemu kutoka mashine nyengine iliyopo kwenye mtandao ule ule wa ndani, bila kugusa intaneti isipokuwa kidogo tu ya kuhakikisha. Yakhe, hii kwetu ni dhahabu. Mmoja mwenye intaneti nzuri anadaunlodi, wengine mnakwenda kwake na laptopu, mnaunganisha ruta au waya, gemu ya makumi ya GB inahama mnakunywa chai. Na haijali kama mwenzio yuko Windows na wewe Linux, mafaili ya gemu inayopita Proton ni yale yale.

Wenye diski ya nje iliyojaa gemu kutoka Windows, hiyo ni NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, na Steam ya Linux inaisoma lakini haielewani nayo vizuri, gemu nyengine zinagoma kufunguka bila sababu ya kueleweka. Hamisha vitu vyako, ifomati ext4 ambayo ndo ya Linux, rejesha.

Kuhusu kuchagua Linux ipi, mimi nimebaki na Mint kwa sababu ni nyepesi na apdeti zake hazina fujo. Bazzite, Linux iliyotengenezwa kwa gemu, ni nzuri mno kwa mwenye kuiunganisha na TV, inafunguka moja kwa moja kama pleistesheni, lakini apdeti zake ni nzito, mwenye faiba nyumbani aichukue, mwenye bando la simu aifikirie mara mbili. Ukiweka Ubuntu, Linux nyengine, usichukue Steam ya Snap (kifurushi cha duka la Ubuntu), hata watu wa Valve wenyewe wamewaambia watu waiepuke, chukua ile ya faili la deb kutoka kwao Valve.

Nvidia zinacheza pia, Mint ina kidirisha cha kuweka draiva, unachagua unawasha upya, ila wenye GTX 10 na 900 mjue kwamba draiva za mfululizo wa 580 ndo za mwisho kwenu. Kwa mtumba mimi nnapendelea AMD, draiva yake imo ndani ya Linux tokea mwanzo hakuna cha kuweka.

Ukenda dukani basi, usiulize kama ni core i5, watakwambia ndio na wala hawatokuwa waongo. Waombe wafungue pale panapoonesha prosesa usome namba yenyewe: i5-4300U ile 4 ya mwanzo ndo gen 4, i5-6300U ni gen 6. Kisha kama ni EliteBook geuza laptopu uone nyuma imeandikwa G ngapi, ilingane na namba uliyoisoma, G1 na 4, G3 na 6. Na ukiwa na fleshi ya Mint mfukoni, waombe uiwashe nayo hapo hapo bila kuinstoo, utaona skrini, waifai, sauti na pedi kama vinakubali kabla pesa haijatoka. Duka likikataa, la pili liko hatua chache tu mbele.