Marmite, Bovril au Vegemite? Tazama Kwanza Bega la Chupa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji waishio Uingereza kuhusu vile vitu vyeusi vya chumvi vya kupaka mkate, vinavyotokana na hamira au nyama ya ng'ombe, yanafanana mno. Ladha wameshaizoea, na wengine wanaipenda kuliko jamu, lakini kila chupa inapokaribia kwisha wanaitupa ikiwa bado na kitu ndani. Kuhusu ladha sitasema mengi, kwa kuwa kila mlaji huijua siku ya kwanza. Kuhusu chumvi inatosha kujua kwamba Marmite ya Uingereza ina takriban gramu 10 katika kila gramu 100 na kwamba nyingine haziko mbali na hapo, ndiyo maana hupakwa utando mwembamba tu juu ya siagi. Kinachosahauliwa ni bega la chupa, yaani pale tumbo linapojikunja kuelekea shingoni, na hapo ndipo fedha ya mnunuzi hubaki.

Chupa ya Marmite ina tumbo pana na shingo fupi. Kampuni ilipoanzishwa mwaka 1902 mjini Burton upon Trent, ambako viwanda vya bia vilikuwa na mabaki ya hamira kwa wingi, bidhaa iliuzwa katika vyungu vya udongo. Kioo kilikuja miaka ya 1920, na unene wa chungu ukabaki. Juu ya rafu inapendeza. Jikoni, hata hivyo, kisu cha mezani kikiingizwa ndani hukwangua ukuta wa katikati na kuliacha pindo lote lililo chini ya shingo, na kinapotolewa ni mpini uliojaa rojo, pamoja na vidole vya aliyeushika. Rojo jingine huganda kwenye hesi za mdomo, likakauka kama gundi, na wiki inayofuata mfuniko unagoma kufunguka mpaka umwagiwe maji ya moto.

Pamoja na kasoro hiyo, Marmite ndiyo ninayoiweka juu, wala sijifanyi hakimu asiye na upande. Hakuna nyingine inayoyeyuka vizuri namna hiyo katika sufuria ya maharage: kijiko kimoja cha chai kikitiwa karibu na kuepua, na chumvi ya kawaida ikapunguzwa, mchuzi unapata uzito ambao watu hudhani umetokana na mifupa. Imeongezwa pia vitamini B12, jambo la maana kwa asiyekula nyama. Inunuliwe ipi? Chupa ya kioo ya gramu 250, si ile ya 125, kwa sababu ndogo nayo ina bega, na masalia yake ni sehemu kubwa zaidi ya kile kilicholipiwa. Ikifika mwisho, itiwe maji ya moto yasiyochemka, kioo kisije kikapasuka, itikiswe, kisha maji hayo yamiminwe kwenye mboga.

Bovril, ile ya nyama ya ng'ombe, inafuata kwa mkate, lakini kwa kunywa haina mshindani. Ilianzishwa na Mskoti John Lawson Johnston katika karne ya 19, na hadi leo ni kinywaji cha viwanja vya mpira vya Uingereza wakati wa baridi: kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya moto, na pilipili manga kidogo kwa anayependa. Chupa yake ina bega lilelile, ila mnywaji halioni tatizo, kwa kuwa maji huosha yote na kuyapeleka kikombeni. Mwaka 2004 watengenezaji waliiondoa nyama wakabakiza hamira, na mwaka 2006 wakairudisha. Kwa hiyo Mwislamu anayeishi Uingereza asiridhike na neno la ng'ombe peke yake, maana suala ni uchinjaji, na nembo ya halali isipoonekana kwenye lebo ni afadhali aiache. Wapo pia wanaojiepusha na Marmite kwa sababu ya asili ya hamira yake, na wanayo haki ya kuuliza.

Vegemite, iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 1923, ingeshinda kama tungepanga chupa tupu. Mdomo ni mpana, ukuta umenyooka, na kisu kinafika hadi chini bila kupinda mkono. Lakini ni kavu, ni kali, ile ya kawaida haina B12, na nje ya kwao mtu hulipia safari yake ya baharini. Ya tatu.

Chupa ya plastiki ya kubinya naiweka chini kabisa, ingawa wauzaji huisifu kuwa ndiyo dawa ya yote haya. Rojo lake naliona jepesi zaidi, kitundu chake huziba, na kilichobaki ndani hakionekani. Bidhaa za aina hii zenye majina ya maduka makubwa ni za kupikia tu.

Anayeagiza kwa mtandao asome nchi ya utengenezaji, kwa sababu Marmite ya New Zealand hutengenezwa na kampuni nyingine kabisa na ina utamu ambao ya Burton haina. Kwa bei, nimechoka na vibandiko vya rangi vinavyotangaza punguzo. Kanuni za Uingereza zinataka rafu ionyeshe bei kwa kipimo cha uzito, lakini nimeona duka moja likiiandika kwa herufi ndogo ajabu chini ya chupa kubwa, ambayo siku hiyo ilikuwa ghali kwa gramu kuliko ndogo yake. Oktoba 2016 Unilever, waliokuwa watengenezaji wa Marmite, na kampuni ya maduka makubwa ya Tesco walivutana kuhusu bei hadi Marmite ikatoweka kwenye duka la Tesco la mtandaoni, wakapatana upesi, na kelele zote zikawa za bei ya chupa. Sikusikia aliyeuliza ni kiasi gani cha kilicholipiwa hutupwa kikiwa kimeng'ang'ania bega.